Siku 30 na Rangi za Msimu: Shajara ya Kuijaribu Paleti Nzima

Siku ya 1

Nimefungua sanduku asubuhi nikiwa nimeketi karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga hauongopi. Ndani mna paleti ya rangi za macho yenye visahani 12, lipstiki 3, krimu ya mashavu, wanja wa maji wa buluu na kichupa cha chembe za kumeremeta. Ni toleo la msimu, na limejaa rangi kwelikweli: buluu mbili, kijani mbili, feruzi, zambarau, waridi kali, rangi ya chungwa, manjano, nyekundu na dhahabu. Kahawia ni moja tu, imewekwa pembeni.

Sababu ya mradi huu ni kwamba kila msimu hununua kitu chenye rangi, nikakitazama kwa furaha, kisha nikakirudisha kwenye droo na kupaka kahawia ileile. Ninazo paleti 3 za zamani ambazo kahawia yake imekwisha hadi bati linaonekana, huku buluu ikiwa bado na nembo ya kiwanda juu yake. Sitaki hii iwe ya nne.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Kwa siku 30, kila rangi itoke nje nami angalau mara moja na ikae usoni saa 8. Hakuna kufuta mbele ya kioo kwa woga. Nitapiga picha mbili dirishani, moja ya kutoka na moja ya kurudi. Ngozi yangu ni nyeusi iliyokolea. Mdogo wangu, ambaye ni maji ya kunde, amekubali kukaa kitini kila nitakapotaka kulinganisha.

Siku ya 1, jioni

Sijagusa uso bado. Nimepaka kila kitu kidogo nyuma ya sikio na kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, na nitasubiri saa 48. Wakati huo nasoma maandishi ya nyuma ya sanduku, yale madogo ambayo kwa kawaida hatuyasomi.

Namba zinazoanza na CI ndizo rangi zenyewe. 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma: nyekundu, manjano na nyeusi. 77007 ni ultramarini, buluu ambayo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani, hadi miaka ya 1820 ilipopatikana njia ya kuitengeneza kiwandani huko Ulaya. 77742 ni zambarau ya manganizi. 75470 ni kamini, nyekundu itokayo kwa wadudu wanaoishi kwenye mpungate. Asiyetaka kitu cha mnyama usoni aitafute namba hiyo kabla ya kulipa. Na 77891 ni titani dioksidi, yaani nyeupe. Hiyo nyeupe nimeizungushia mduara kwa penseli, maana nahisi tutakutana tena.

Jambo moja limenishtua. Chini ya waridi kali na nyekundu mmeandikwa kwamba hazikukusudiwa eneo la macho, ilhali zimo katikati ya paleti ya macho. Namba yao ni 15850. Marekani haijaidhinisha rangi hiyo kutumika kuzunguka macho, wakati Ulaya inairuhusu, ndipo watengenezaji huweka onyo hilo la maandishi madogo na kuuza paleti ileile kila mahali. Nimeamua hizo mbili zitapakwa mashavuni na midomoni tu. Buluu ya ultramarini nayo ina sharti la kinyume: Marekani inairuhusu machoni lakini si midomoni. Nilikuwa na wazo la mdomo wa buluu, nimeliacha.

Siku ya 3

Ngozi imetulia, hakuna muwasho wala vipele. Ila kwenye kiwiko waridi kali limeacha doa ambalo sabuni haijaliondoa. Kahawia, iliyo jirani yake, ilitoka kwa maji tu. Oksidi za chuma ni chembe zinazokaa juu ya ngozi kama vumbi, ilhali baadhi ya rangi za viwandani hujipenyeza kwenye tabaka la juu na kulitia rangi. Doa si mzio, halina hatari, lakini ni vizuri kujua kabla ya kulipaka shavuni usiku wa kuamkia jambo muhimu.

Siku ya 4

Leo nimeanza na ile niliyoiogopa zaidi, buluu isiyong'aa. Kwenye kisahani ni buluu ya kina, ya kupendeza mno. Kwenye kope yangu imekuwa kijivujivu, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nimeongeza, ikazidi kupauka.

Mdogo wangu akanitazama kwa makini. "Dada, hiyo buluu imekwenda wapi?"

Nikampaka yeye, brashi ileile, kiasi kilekile. Kwake ikatoka kama ilivyo sandukuni.

Nimetoka nayo hivyohivyo, kwa kuwa masharti ni masharti. Saa 8. Sikufurahi hata moja kati yake.

Siku ya 5

Nimelala nikiifikiria buluu hiyo, na leo sikupaka uso kabisa. Nimefanya kazi kwenye mkono tu, na hii ndiyo siku yenye manufaa kuliko zote hadi sasa.

Tatizo ni ile nyeupe niliyoizungushia mduara. Ili buluu ya gharama ndogo ionekane angavu kwenye kisahani, huchanganywa na titani dioksidi nyingi. Kwenye ngozi nyepesi, nyeupe hiyo haionekani kwa kuwa iko karibu na rangi ya ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeusi chembe nyeupe hutapakaa juu ya weusi, na nyeupe juu ya nyeusi hutoa kijivu. Miaka yote hii nilidhani ni uso wangu usiopatana na buluu. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa ukutani juu ya kioo: SI USO, NI NYEUPE.

Baada ya hapo nikachora mistari 4 ya msingi mkononi, nikapitisha kila rangi ya macho juu ya yote minne. Wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili ulikuwa konsila, krimu nzito ya kufunika madoa, ya rangi ya ngozi yangu. Wa tatu penseli nyeupe, wa nne wanja mweusi wa krimu.

Juu ya konsila, buluu isiyong'aa ilipata uhai kiasi, kwa sababu unyevu wake unazishika chembe nyingi zaidi mahali pamoja badala ya kuziacha zitawanyike. Juu ya penseli nyeupe iliruka kabisa, buluu kama ya kwenye kisahani, lakini kingo zake zilionekana kama chaki, na kuzichanganya na ngozi ni kazi. Juu ya wanja mweusi ilikufa.

Kisha nikajaribu zile za kumeremeta: buluu ya pili, kijani kimoja, feruzi na dhahabu. Hapo mambo yakageuka. Juu ya nyeupe zilikuwa hafifu, karibu hazionekani. Juu ya wanja mweusi ziliwaka. Feruzi ilikuwa na kijani upande mmoja na buluu upande mwingine kila nilipougeuza mkono, na nilikaa pale dirishani nikiugeuzageuza kwa dakika nyingi.

Nilitaka kuelewa kwa nini. Rangi hizo za kumeremeta ni vipande vidogo vya ulanga vilivyofunikwa kwa utando mwembamba sana, mara nyingi wa titani dioksidi hiyohiyo. Unene wa utando ndio unaoamua ni rangi gani itarudishwa machoni: ukiwa mwembamba hutoa fedha, ukiongezeka hutoa dhahabu, kisha nyekundu, zambarau, buluu na kijani. Mwanga uliobaki hupita na kuendelea chini. Chini pakiwa peupe, mwanga huo hurudi na kuifunika rangi. Pakiwa peusi humezwa, na rangi inabaki peke yake. Kwa hiyo kitu kilekile kinachoipausha buluu ya kawaida ndicho kinachoing'arisha feruzi, kutegemea kimewekwaje. Na ngozi nyeusi kwa rangi hizi ni msingi uliokwisha kupakwa tayari. Mdogo wangu alihitaji wanja mweusi kwanza ili apate nilichokipata mimi kwa kidole kikavu.

Siku ya 6 hadi ya 9

Siku nne kwa haraka. Feruzi: nzuri tangu asubuhi hadi usiku, nimepaka kwa kidole, bila msingi. Kijani cha kumeremeta: kizuri vilevile, kinene kidogo. Dhahabu: kila mtu anajua dhahabu inafanya nini. Zambarau isiyong'aa inahitaji konsila chini yake, na hata hivyo hutulia baada ya saa 3 na kuwa laini zaidi. Nimependa ilivyokuwa jioni kuliko asubuhi.

Siku ya 10

Rangi ya chungwa. Sikutarajia mengi, na ndiyo iliyonifunza jinsi ya kuunganisha zile nyingine. Nikiipaka kwenye mkunjo wa kope, kwa brashi laini na mkono mwepesi, haionekani kama chungwa. Inaonekana kama joto la ngozi yenyewe. Kisha buluu au kijani kikikaa chini yake kinakuwa na mahali pa kuishia badala ya kukatika ghafla. Nadhani ni kwa sababu chungwa na buluu hutazamana kwenye gurudumu la rangi, kila moja humpa mwenzake nguvu. Tena rangi hiyohiyo, ikiwa ya krimu, huficha weusi wenye ubuluu chini ya macho kabla ya konsila. Kwa ngozi yangu sasa chungwa imechukua kazi yote iliyokuwa ya kahawia.

Siku ya 11

Kuharibika. Siku ilikuwa ya joto, nilitembea sana, na kufikia saa ya nne buluu yote ilikuwa imejikusanya kwenye mkunjo kama mstari wa kalamu. Picha ya kurudi nimeihifadhi ingawa inaniumiza kuitazama.

Nilichokosea nakijua: praima (krimu inayotangulia kupakwa ili rangi ishike) nyingi mno, kisha konsila, kisha rangi, vyote vikiwa bado vibichi. Tabaka nene husogea kope inapofunguka na kufumba, na mafuta ya ngozi yakichanganyika nalo ndiyo kabisa.

Siku ya 12

Nimerudia buluu ileile kwa makusudi. Praima kiasi cha tone, nikaitandaza hadi haionekani, nikasubiri dakika 1 nzima nikihesabu. Konsila nyembamba tu pale rangi itakapokaa. Kisha brashi bapa, kubonyeza si kusugua, kwa sababu kusugua huziondoa chembe zilezile ulizoziweka. Joto lilikuwa kama la jana. Saa 8 zimepita, mstari upo lakini ni mwembamba kama uzi, lazima usogee karibu kuuona. Buluu imepita mtihani.

Asubuhi hiyo mama alinikuta mlangoni. "Mwanangu, leo kuna sherehe?"

"Hapana, mama. Naenda kazini."

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akatazama jicho moja kisha la pili. "Basi jicho la kushoto limekaa juu kidogo. Lisawazishe ndiyo uende." Alikuwa na haki, nikalisawazisha.

Siku ya 14

Manjano, na leo nimepambana. Ni rangi ngumu kuliko zote kwenye paleti hii. Tabaka moja halionekani. Mawili yana mabaka. Nilipokazana na brashi, uso wa kisahani ulianza kuwa mgumu na kung'aa kama umepakwa nta, na haukutoa kitu tena.

Rangi za kubonyezwa hushikamanishwa kwa viunganishi vya mafuta na silikoni. Mafuta kutoka kidoleni au kwenye brashi yenye unyevu yakigusa juu, hufanya ganda. Nimelitoa kwa utepe wa kunata: nilibandika taratibu, nikabandua, ganda likaja nalo, na chini yake manjano ikawa laini kama mwanzo. Hasara ni vumbi kidogo tu. Kuanzia leo brashi za krimu na brashi za unga hazilali kwenye chombo kimoja.

Siku ya 15

Manjano juu ya penseli nyeupe, kwenye kona ya ndani ya jicho peke yake, tabaka 3 nyembamba. Sasa inaonekana, na ni nzuri ajabu, kama taa ndogo. Sitaipaka kope nzima tena. Kazi ni kubwa kuliko faida. Lakini kwenye kona pale itabaki.

Siku ya 17

Lipstiki. Ya kwanza, damu ya mzee, haihitaji maelezo: ukipaka umemaliza. Ya pili ni waridi hafifu yenye nyeupe nyingi, na kilichotokea kwenye buluu kikajirudia midomoni. Niliiokoa kwa kuzungusha kingo kwa penseli ya kahawia iliyokolea, nikaisogeza ndani kwa kidole, waridi likabaki katikati tu. Imekuwa lipstiki nyingine kabisa. Ya tatu ni nyekundu yenye uchungwa, na huo ndio ung'avu niliokuwa nikiutafuta mwaka mzima.

Krimu ya mashavu inasema kwenye kifuniko kwamba itabadilika kulingana na ngozi ya kila mtu. Kwenye kichupa haina rangi, ukiipaka inakuwa waridi. Tuliipaka mimi na mdogo wangu kwa pamoja, tukasubiri. Ilitokea waridi moja, ileile, kwake na kwangu. Ndani yake mna 45410, rangi ambayo hujionyesha inapokutana na unyevu wa ngozi. Kwake ilionekana mara moja. Kwangu ilikuwa kama damu inayopita chini ya ngozi, ya mbali, na nimeipenda hivyo. Lakini maneno ya kifuniko si sahihi, na ningependa watu waambiwe ukweli: ni waridi, chukua ukipenda waridi.

Siku ya 20

Chembe za kumeremeta. Nimeandaa kila kitu kwanza: gundi maalumu ya kope, utepe, brashi ndogo, maji safi karibu. Nilipaka katikati ya kope tu. Hata hivyo chembe moja iliingia jichoni. Sikusugua, nilisuuza kwa maji mengi hadi ikatoka, lakini jicho lilibaki jekundu kwa saa kadhaa na sharti la saa 8 nimelivunja bila majuto.

Anayetaka kujaribu, aangalie kichupa kiwe kimeandikwa kuwa ni cha usoni. Chembe za kazi za mikono hukatwa zikiwa na kona kali na zinaweza kukwaruza jicho. Nyingi ni za plastiki, na Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku uuzaji wa chembe za plastiki zisizoshikiliwa na kitu Oktoba 2023, kwa kuwa hazina pa kwenda ila majini na udongoni. Kichupa changu hakikusema ni cha nini. Nimekifunga, na hakirudi usoni mwangu.

Siku ya 21 na 22

Mapumziko. Kope zimekauka, ngozi inabanduka kidogo pembeni. Kosa si la rangi, ni la kuondoa rangi: nimekuwa nikisugua kwa pamba. Kuanzia sasa ni mafuta ya kusafishia kwanza, pamba itulie juu ya kope kwa nusu dakika, ivutwe kwenda chini mara moja, kisha sabuni laini. Nimeosha brashi zote pia. Maji ya mwisho yalikuwa ya zambarau.

Siku ya 25

Kuna kanuni tunayorithishana: macho yakiongea, mdomo unyamaze. Leo nimeivunja kwa makusudi. Feruzi kwenye kope, chungwa mkunjoni, manjano kwenye kona, lipstiki nyekundu yenye uchungwa. Wanja wa buluu nimeuacha kwa sababu hapo nilikuwa nimetosheka.

Haikuwa nyingi mno. Kilichoisaidia, naamini, ni kwamba kila rangi ilikuwa tabaka jembamba lenye kingo zilizochanganywa, na ngozi iliyobaki sikuifunika kwa faundesheni, ila konsila mahali mawili. Uso ulikuwa uso wangu wenye rangi juu yake. Nilipojaribu mchanganyiko uleule juu ya faundesheni nzito, jioni, kwa ajili ya picha tu, ulionekana kama kitambaa.

Siku ya 27

Waridi kali na nyekundu, za mwisho. Waridi shavuni kwa brashi kubwa, mguso mmoja na kupuliza ziada. Nyekundu nimeichanganya na mafuta ya mdomo, nikabonyeza kwa kidole. Doa lilibaki midomoni hadi kesho yake, na safari hii nilifurahi nalo. Wanja wa buluu pia umetoka nje leo, mstari mwembamba juu ya nywele za kope. Umekaa saa 8 bila kutikisika.

Siku ya 30

Rangi zote 12 zimetoka nje. Kilichoshindwa ni kichupa cha chembe peke yake. Buluu isiyong'aa imerudi usoni mara 4 zaidi tangu siku ya 12, bila sharti lolote kunilazimisha. Katikati ya kisahani chake kuna shimo dogo la duara. Kahawia niliigusa mara moja, siku ya kuipa zamu yake, na nembo bado inasomeka.

Manjano nilitaka kumpa mdogo wangu, kwake inakolea bila taabu yoyote. Amekataa. "Nitakuwa nakuja kuipaka hapahapa, Dada. Nikiondoka nayo hutanipaka tena."

Nyuma ya sanduku kuna picha ya kikopo kilichofunguliwa, na ndani yake 12M: miezi 12 tangu kufunguliwa. Nimeandika tarehe ya siku ya 1 kwa kalamu isiyofutika pembeni yake. Paleti haijarudi kwenye droo. Iko juu ya meza, chini ya kioo, imefunguliwa.